Sabuni ya majivu iliyokataa kuganda: uchambuzi wa kisa

Kaya moja iliyoamua kujitengenezea sabuni kwa majivu na shahamu ilimaliza siku nzima jikoni na kuambulia sufuria yenye matabaka mawili. Juu palielea mafuta ya manjano, unene wa kidole. Chini kulikuwa na ute wa kahawia unaonata mkononi. Ute ule ulitoa povu kidogo uliposuguliwa, kwa hiyo mama na mwanawe waliamini kwamba walikuwa wamekaribia: pengine moto ulikuwa hafifu, pengine maji hayakufaa. Wakarudisha sufuria motoni kwa saa mbili zaidi, na hakuna kilichobadilika isipokuwa rangi, iliyozidi kuwa nyeusi.

Tumelichagua tukio hili kwa sababu karibu kila anayejifunza kazi hii bila fundi pembeni hupitia sehemu yake fulani. Moto haukuwa na kosa, na maji pia hayakuwa na kosa. Makosa yalikuwa manne, na kila moja lilificha lenzake.

Walichofanya

Majivu yalikuwa kilo 6, yamezolewa kutoka kwenye lundo la nje lililokuwa limenyeshewa. Hayakuchekechwa, vipande vya mkaa vilionekana wazi ndani yake. Yalitiwa kwenye ndoo iliyotobolewa chini, yakamwagiwa maji kwa mkupuo mmoja, na maji yaliyochuruzika yakachemshwa mpaka yakabaki lita 3. Kipimo cha kujua kama yametosha kilikuwa yai: likielea na kuonyesha kipande kidogo cha ganda juu ya maji, yako tayari. Yai lilielea. Wakatia shahamu kilo 2 katika sufuria ya alumini, wakamwagia yale maji yote, wakachemsha kwa saa 5. Mchanganyiko ulipoonekana hauelekei kuganda, walitia viganja vitatu vya chumvi, kwani walisikia kwamba chumvi ndiyo inayogandisha sabuni.

Hesabu inayokataa

Kabla ya kutafuta kosa kwa macho, lipigie hesabu. Shahamu kilo 1 inahitaji takriban gramu 195 za haidroksidi ya potasiamu, kemikali kali inayovunja mafuta, ili igeuke yote kuwa sabuni. Kilo 2 zinataka gramu 390. Je, lita 3 za maji ya majivu zilikuwa na kiasi hicho?

Hazikuwa nacho hata kwa mbali, na yai lenyewe ndilo lililowadanganya. Yai likikaa, maji yaliyomo ndani hupotea kupitia matundu ya ganda, kifuko cha hewa hukua, na yai huwa jepesi. Yai bichi la jana huzama na kulala chali katika maji matupu. Lile lililotumika lilijaribiwa baadaye ndani ya maji ya mvua, nalo likasimama wima, ncha nene juu. Yai la namna hiyo linahitaji msukumo mdogo tu ili lielee, kwa hiyo lilielea katika maji yenye magadi ya majivu (kaboneti ya potasiamu) takriban asilimia 4 hadi 5, wakati yai bichi lingedai karibu asilimia 10. Katika lita 3 hiyo ni gramu 140 hivi za kaboneti ya potasiamu. Hata kama zote zingegeuzwa kuwa haidroksidi, zingetoa gramu 114 tu. Kiasi hicho kinatosha shahamu isiyofika gramu 600. Mafuta mengine yote yalikuwa abiria tangu mwanzo.

Upungufu huo ulianzia kwenye lundo. Sehemu ya majivu inayoyeyuka majini ni ndogo. Sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu isiyoyeyuka. Mvua ikishapita juu ya lundo, potasiamu imeshazama ardhini, na kinachobaki kina rangi ya majivu lakini hakina kazi. Majivu ya sabuni huzolewa yakiwa makavu, siku ileile yanapopoa, na kuwekwa kwenye chombo chenye kifuniko. Yatokane na miti migumu yenye majani mapana. Miti laini yenye utomvu hutoa potasiamu kidogo. Mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, pamoja na chochote kilichochomwa na plastiki, ni marufuku kabisa, kwa sababu sumu iliyokuwa ndani ya mbao hubaki kwenye majivu.

Yai linapima nini hasa

Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo. Hata yai lingekuwa bichi, sabuni isingepatikana kwa urahisi, kwa sababu yai linapima uzito wa maji. Ukali wake halipimi. Chochote kinachoyeyuka majini huyafanya mazito: magadi, chumvi ya kawaida, salfeti zilizomo kwenye majivu. Maji ya chumvi huliinua yai vizuri sana, na hayatatengeneza sabuni milele.

Kinachotoka kwenye majivu si haidroksidi ila, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti ya potasiamu, na kaboneti hushughulikia mafuta mazima polepole mno. Kazi za mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, alizozichapisha 1823, zilionyesha kwamba mafuta ni asidi zilizofungwa pamoja na gliserini. Haidroksidi hukivunja kifungo hicho. Kaboneti hukishindwa kwa sehemu kubwa, lakini huzikamata kwa urahisi asidi ambazo zimeshajifungua zenyewe, yaani zile zinazopatikana katika mafuta ya zamani yaliyoanza kuchacha. Shahamu ya kaya hii ilikuwa imekaa. Sehemu yake iliyochacha iligeuka sabuni mara moja, ikatoa povu, na povu hilo dogo ndilo lililowapa matumaini ya kuendelea kuchemsha kitu ambacho kilikuwa kimeshafika mwisho wake.

Kuna vipimo viwili vya ukali ambavyo havihitaji maabara. Cha kwanza ni siki. Chota kijiko kimoja cha maji ya majivu yaliyopoa, uyatie kwenye glasi, ongeza vijiko viwili vya siki. Yakichemka kwa viputo vingi, hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye kaboneti. Haidroksidi ikikutana na siki haitoi kiputo. Maji ya kaya hii yalifurika mpaka nje ya glasi. Cha pili ni unyoya: tia unyoya wa kuku katika maji yaliyo moto. Katika haidroksidi ya kutosha vinyweleo vyake hulegea, huteleza na kuyeyuka, ukabaki uti. Wao walipojaribu, unyoya ulitoka kama ulivyoingia, safi zaidi kidogo.

Dawa ya tatizo hili ni chokaa, nayo ilijulikana kwa mafundi wa zamani kabla ya kuwapo maelezo ya kikemia. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, ikichemshwa ndani ya maji ya majivu, kalsiamu huichukua kaboneti na kuzama nayo ikiwa unga mweupe, na haidroksidi ya potasiamu hubaki juu ndani ya maji.

Sufuria

Sufuria ya alumini iliongeza msiba. Alumini huliwa na maji ya aina hii, yawe ya kaboneti au ya haidroksidi, na huitumia ile nguvu ambayo ingefanya kazi kwenye mafuta. Ndani ya sufuria pale pembeni, kwenye mstari ambapo maji yalikutana na hewa, ncha ya kidole ilihisi ukwaruzo: vishimo vidogo vilivyojipanga mduara mzima, kila kimoja hakizidi kichwa cha pini, na chini yake doa la kijivu lisilotoka kwa kusugua. Viputo vyembamba vilivyopanda muda wote wa kuchemsha, ambavyo walivichukulia kuwa dalili ya sabuni kuiva, vilikuwa haidrojeni. Hewa hiyo inawaka, kwa hiyo juu ya moto wa wazi si jambo la kupuuza.

Tumia chuma cha kusubu, chuma kisichoshika kutu, au chombo cha enameli ambacho hakijabanduka. Mwiko uwe wa mti. Na kimo cha mchanganyiko kisipite nusu ya chombo, kwa sababu sabuni inayochemka huinuka ghafla.

Chumvi iliyotiwa mapema

Walichosikia kuhusu chumvi kilikuwa kweli, ila waliitumia wakati usiofaa. Sabuni ya potasiamu ni laini kwa asili yake. Haitakuwa mche hata ikiiva sawasawa. Itabaki ute mzito unaochotwa. Chumvi hufanya mambo mawili: sodiamu yake hubadilishana nafasi na potasiamu, na wingi wake majini huisukuma sabuni ya sodiamu itoke kwenye maji na kuelea. Yote mawili yanahitaji sabuni iwe imeshapatikana. Ukiitia wakati mafuta hayajashikana na maji, chumvi huvitenganisha viwili hivyo, na kazi yote ya kukoroga inarudi nyuma. Ndiyo maana mafuta yalipanda juu safi hivyo, muda mfupi tu baada ya viganja vitatu.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni kutoikimbilia sabuni ya mche. Jifunze kwanza kuivisha sabuni laini mpaka uitambue kwa macho. Inafua nguo na kusugua sakafu vizuri sana. Kuigandisha ni stadi ya pili.

Kuhusu maji waliyoyashuku: maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu zinazoshika sabuni na kuifanya utando. Lakini yakipita kwenye majivu, kaboneti huziangusha sehemu kubwa ya hizo mapema. Maji ya mvua ni bora, hasa ya kuoshea sabuni mwishoni, ila hayakuwa sababu hapa.

Marudio

Mafuta yaliyoganda juu yaliondolewa asubuhi yakiwa baridi, yakachemshwa ndani ya maji matupu, yakaachwa yagande tena na kukwanguliwa chini. Yalibaki kilo 1.6. Ute wa chini, wenye alumini iliyoyeyuka, haukutumika tena. Mahitaji mapya, kwa hesabu ileile ya gramu 195 kwa kilo, yalikuwa gramu 312 za haidroksidi, yaani kaboneti isiyopungua gramu 384.

Majivu makavu kilo 6 yalichomwa upya juu ya bati mpaka weusi ukaisha, kisha yakachekechwa. Hatua hii ina historia yake: hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kwanza kabisa ya Marekani, aliyopewa Samuel Hopkins tarehe 31 Julai 1790, ilihusu utengenezaji wa potasi, yaani magadi ya majivu, na kiini chake kilikuwa kuyachoma majivu mabichi kwa mara ya pili kabla ya kuyaloweka.

Ndoo ya plastiki ngumu ilitobolewa chini, ikawekwa kokoto, juu yake nyasi kavu zilizoshindiliwa unene wa sentimita 10, kisha kitambaa. Majivu yalilowanishwa kwanza mpaka yakashikamana, ndipo yakatiwa kwa tabaka na kugandamizwa kwa mkono wenye glavu. Yakitiwa makavu, maji hutafuta ufa mmoja na kushuka hapo hapo, na majivu ya pembeni hubaki na potasiamu yao yote. Hiki ndicho kilichotokea mara ya kwanza na ule mkupuo mmoja. Safari hii maji ya moto, lita 14 kwa jumla, yalimwagwa lita moja moja, kila moja ikingoja iliyotangulia izame. Zilitoka lita 8 hivi. Zilizobaki zilishikwa na majivu. Zikachemshwa katika sufuria ya chuma mpaka lita 4.5, na yai bichi, lililopimwa kwanza kwa kuzama katika maji matupu, likaonyesha duara la ukubwa wa sarafu ndogo.

Hapo ndipo pa kusimama. Kishawishi ni kuendelea kuchemsha ili maji yazidi nguvu, lakini chokaa haifanyi kazi vizuri katika maji mazito: haidroksidi ikiwa nyingi sana mahali pamoja, badiliko hurudi nyuma na kaboneti hujiunda upya. Kaboneti kilo 1 kwa lita 10 za maji ni kiwango kizuri. Ukitaka maji mazito zaidi, yachemshe baada ya chokaa kuzama na kuondolewa.

Chokaa iliyozimwa gramu 300 ilikorogwa pembeni katika maji kidogo hadi ikawa uji, ikatiwa taratibu kwenye maji yanayochemka polepole, ikakorogwa kwa nusu saa. Hesabu kamili ingetaka gramu 265. Ziada inafidia chokaa iliyokwisha kushika hewa. Chokaa ya mfuko uliokaa wazi miezi mingi haifai, imekwisha kugeuka chaki. Mwenye chokaa hai apunguze uzito kwa robo, naye aizime kwa kuitia kidogo kidogo ndani ya maji mengi, akiwa amesimama mbali, kwa kuwa hupata joto kali na kurusha matone.

Chombo kikafunikwa usiku kucha, maana hewa yenyewe ina ukaa unaoirudisha haidroksidi kuwa kaboneti. Asubuhi maji ya juu yalikuwa maangavu, na siki haikutoa viputo ila vichache. Mashapo meupe yakasuuzwa kwa lita 1 ya maji moto ili kutoa kilichonaswa ndani. Viputo vya siki vingefurika tena, dawa ingekuwa kuongeza chokaa gramu 50 na kuchemsha upya.

Kuanzia hatua hii maji haya yanaunguza ngozi na yanaweza kupofusha. Glavu za mpira, miwani ya kujikinga, mikono mirefu, viatu vya kufunika, watoto na wanyama nje. Tone likiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha nenda hospitali. Usitie siki jichoni wala kwenye ngozi iliyoungua. Maji mengi ndiyo dawa.

Kuivisha

Shahamu iliyeyushwa, ikatiwa theluthi ya maji makali pamoja na lita 1 ya maji matupu, moto mdogo. Maji mepesi mwanzoni hushikana na mafuta; yakianza mazito, mafuta hujitenga. Baada ya nusu saa mchanganyiko ukawa mweupe na wa kufanana kote, bila macho ya mafuta juu. Maji yaliyobaki yakaongezwa kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa 3, na robo lita ikawekwa akiba.

Kipimo cha kuiva ni tone juu ya kioo. Likipoa na kubaki angavu, sabuni imeiva. Likizungukwa na mstari wa kijivu pembezoni, maji makali yamepungua. Likijifunika ngozi ya kijivu kote juu, maji yamezidi na panahitajika mafuta. Tone la kwanza lilikuwa na mstari. Kikombe kutoka kwenye akiba na dakika 40 za moto vikauondoa. Kijiko cha sabuni hiyo kikayeyushwa katika glasi ya maji ya mvua ya moto, na hakuna tone la mafuta lililopanda.

Ndipo ilipokuja chumvi: gramu 700 zilizoyeyushwa katika lita 2 za maji moto, zikatiwa kwa awamu huku mchanganyiko ukichemka. Sabuni ilikatika mabongemabonge, na mwiko ulipoinuliwa, maji yaliyotiririka kutoka ubavuni mwake yalikuwa maangavu. Yangetoka yenye ute, chumvi ingekuwa bado. (Kiasi hiki ni cha shahamu. Sabuni ya mafuta ya nazi hustahimili chumvi, ndiyo maana hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na huhitaji chumvi nyingi zaidi kabla ya kukatika.) Moto ukazimwa, chombo kikafunikwa, na kesho yake bamba la sabuni likainuliwa. Upande wake wa chini, wenye unyevu na chembe nyeusi, ulikwanguliwa. Bamba likayeyushwa tena na lita 1 ya maji ya mvua na kiganja cha chumvi ili kuosha ukali uliobaki, likagandishwa, likayeyushwa kwa mara ya mwisho na maji kidogo tu, kisha likamiminwa kwenye kasha la mbao lililotandikwa kitambaa.

Miche ilikatwa baada ya siku moja, ikapangwa kwa nafasi penye upepo na kivuli. Uzito ulikuwa karibu kilo 2.4 ikiwa mbichi, na hupungua kadiri maji yanavyotoka. Wiki 4 zinatosha; ikitumika kabla huisha haraka mkononi. Mche ukitokwa na unga mweupe na kuchoma ulimi unapoguswa kidogo, haukuoshwa vya kutosha: urudishe kwenye maji ya chumvi. Ukinuka mafuta yaliyochacha baada ya wiki kadhaa, kuna shahamu ambayo haikuiva.

Mabaki yagawanywe. Maji ya chumvi yaliyobaki chini ya sabuni yana chumvi, gliserini na ukali kidogo, yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Majivu yaliyochujwa, yakisuuzwa mara moja zaidi, yamebaki kaboneti ya kalsiamu na yanafaa kwa udongo wenye asidi. Maji ya suuzo hilo ni mepesi mno kwa sabuni, lakini yakipitishwa kwenye ndoo ya majivu mapya badala ya maji matupu, yatafupisha muda wa kuchemsha wa awamu inayofuata.